Jiwe Nililomrushia Mgeni

Nilipokuwa mtoto, kando ya ziwa, kusini kidogo ya Rumonge, mvua zikikaribia walikuja ndege wadogo wa kifua cha manjano, mikia ikitikisika bila kupumzika. Walitokea kaskazini, wakatembea katikati ya ndagala, dagaa wa ziwani, tulizoanika mchangani, wakidonoa nzi. Bibi aliwaita wageni. Alisema wanapita nchi zote walimo watu wetu. Ukimtajia mmoja jina la mtu wako aliye mbali, atalifikisha.

Mwaka mmoja tulikuwa na jina la kutaja. Dada yangu Odette alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya misa, na Mama alitabasamu peke yake hadi jioni.

Asubuhi moja mvua ilitushtukiza, ndagala zikalowa. Nilikuwa na miaka tisa, nimechoka kuanua na kuanika upya. Ndege akatua juu ya zile chache zilizobaki kavu. Nikaokota jiwe. Sikutegemea kumpata.

Bibi alinikuta nikimfukia. Hakunipiga.

"Umeua mugeni," alisema taratibu. "Sasa jina la Odette litabebwa na nani?"

"Usimwambie Mama."

"Simwambii. Na wewe nyamaza."

Jumapili iliyofuata simu haikulia. Wala ile nyingine. Mama alikwenda Bujumbura kumtafuta mwanamke aliyempeleka Odette, akakuta nyumba imefungwa. Jirani akamwambia, "Amehama, mama. Iko wengi wanakuja kumuuliza."

Bibi alikufa na siri yetu. Leo mimi ni mwalimu. Nawafundisha watoto kwamba ndege wale wanakimbia baridi ya kwao, basi. Juzi, tukichambua maharage, Mama alisema ghafla, "Odette alikataa kwenda, mara mbili. Ni mimi nilimusukuma." Ningeweza kumweleza yangu wakati ule, tugawane mzigo. Niliinamisha kichwa, nikaendelea kuchambua.

Najua si mimi niliyempoteza dada yangu. Lakini nikiacha kujilaumu, nabaki na nyumba ya huko Uarabuni, katika mji nisioujua, watu nisiowajua sura, na Odette akiwa ndani. Huko siwezi kutazama. Basi nimeshika hatia yangu, Mama ameshika yake, na tunaishi nazo chini ya paa moja, bila kuonyeshana.