Sahani ya Pembeni

Nilimwahidi baba yangu kwamba siku nitakapoandika jambo la kusomwa na watu, nitaandika kuwa mikono yake ilikuwa safi. Juzi, nikipita Msimbazi, nilinusa mafuta ya taa yaliyochanganywa na sabuni. Nikaikumbuka ahadi hiyo.

Baba alikuwa fundi wa malori katika gereji moja ya Kariakoo. Kila jioni, mafundi walichota kutoka kwenye debe uji mzito wa sabuni, mafuta ya taa na mchanga, wakajisugua mpaka grisi itoke. Ilitoka pamoja na ngozi. Ungelichungulia debe lile, rafiki yangu, ungelitapika: povu la kijivu, na ndani yake vigamba vya ngozi za watu vikielea. Nyumbani mama alimpaka baba mafuta ya nazi, lakini kesho yake mipasuko ilifunguka upya, ikatoa majimaji yenye kunuka.

Ilipofika harusi ya jirani yetu, baba alijisugua kuliko siku zote, kwa kuwa alitaka kula sinia moja na wenzake bila kuonekana na doa. Aliponawishwa, maji ya beseni yakawa mekundu. Wenzake wakatazamana.

"Fundi, huo si ukurutu?" akauliza jirani.

"Mchanga tu, bwana. Nimejisugua."

"Umejisugua au umejichuna? Hebu mtengeeni sahani huyu, asije akatuachia magamba kwenye pilau!"

Wakacheka. Baba naye akacheka, kwa adabu. Sahani yake ikawekwa karibu na mlango, penye viatu. Nilikwenda kukaa naye. Alikula polepole, ndimu ya kachumbari ikimchoma vidonda, wala hakuguna. Nilipowatazama wale wengine, midomo ikimeremeta samli, niliwaonea kinyaa wao. Mchele waliokuwa wakiula uliletwa na lori alilolitengeneza yeye.

Tangu siku ile hakula tena kwenye sinia la watu, hata sikukuu. Sasa gereji imebomolewa. Zimetoweka kelele za nyundo na harufu ya mihogo iliyokaangwa mlangoni pake. Baba naye hatunaye.

Ndugu msomaji, akija fundi mwenye mikono iliyochubuka mahali unapokula, nakuomba usogee, umpe nafasi.