Vumbi la Mninga Uani kwa Bi Rumaisa

Sesilia alikuwa na ulimi mwepesi kuliko sindano yake, na sindano hiyo ndiyo iliyovalisha vitambaa nusu ya masofa yanayopangwa kando ya barabara pale Keko. Alitoka Masasi akiwa msichana, akaolewa, akafiwa, akabaki na chumba cha kupanga, cherehani na mbwa wa rangi ya mchanga aitwaye Bosi. Marehemu mumewe ndiye aliyemwokota angali kijibwa. Sesilia alipokula, Bosi alikula. Alipotaka kuwasema wateja wasumbufu, Bosi ndiye aliyesimuliwa. Alimpenda mbwa yule, wala hakuona haya kusema.

Mwenye nyumba, Bi Rumaisa, naye alikuwa na kipenzi chake: paka mweupe, Lulu, aliyelala kitandani kwake na kulishwa samaki changu aliyetolewa miiba. Kumsema Lulu vibaya katika nyumba ile kulikuwa sawa na kuomba kuhamishwa.

Balaa lilianza asubuhi moja Bi Rumaisa alipoamka na vipele miguuni na vidoa vyekundu kwenye shuka.

"Viroboto!" alifoka uani, shuka mkononi. "Mbwa wako ananijazia viroboto kitandani!"

"Shikamoo, Bi Rumaisa. Mbona Bosi hajawahi kukanyaga hata kizingiti chako? Labda ni vumbi la mbao za mninga, linawasha. Si unaona Jamali anavyopiga msasa hapo nje?"

"Vumbi la mninga halirukiruki! Mie si mtoto, Sesilia. Nakupa mpaka Jumapili. Nikimkuta na kiroboto hata mmoja, anaondoka."

Sesilia alicheka mbele za watu, lakini alipofunga mlango alikaa chini akamkumbatia Bosi shingoni. Pa kumpeleka palikuwa kwa shemeji yake tu, Kinyerezi, ambako mbwa hufungwa mnyororo kutwa nzima. Wazo hilo lilimkata maini.

Jamali, seremala wa kibanda cha mbele, alimshauri ampake Bosi mafuta ya taa.

"Nikupake wewe kwanza, tuone," Sesilia alimjibu.

Ila naye hakuwa na hekima zaidi. Alimsugua Bosi kwa sabuni ya unga, ileile ya kufulia, na ngozi ya maskini yule ikakauka na kumchonyota, akawa anajikuna hata akiwa usingizini. Hapo Sesilia akafunga cherehani, akaenda duka la dawa za mifugo, akamuuliza muuzaji maswali mpaka yule bwana akavuta kiti akakaa. Alirudi na dawa ya matone ya mbwa na sabuni laini. Alinunua na kitu kingine kidogo, akakificha ndani ya kopo la vifungo bila kumwambia mtu.

Safari hii Bosi alioga kama mtoto wa mjini. Maji ya uvuguvugu, na povu likaanzia shingoni.

"Tunaanza shingoni, Bosi," Sesilia alisema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "wasije wakakimbilia masikioni!"

Pazia la dirisha la Bi Rumaisa likatikisika. Sesilia akajifanya hakuona. Masikio aliyafuta kwa pamba iliyokamuliwa, na kucha alizikata ncha tu, maana ndani mna mshipa wa damu. Kisha akazilainisha kwa kipande cha msasa laini alichoomba kwa Jamali, na Bosi akanyoosha mguu kama bibi harusi anayepakwa hina. Blanketi lake likafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Mwili ulipokauka sawasawa, zikafuata siku za kusubiri ngozi irudishe mafuta yake, kisha dawa ikadondoshwa mabegani asikoweza kuilamba.

Jumapili ikafika. Bi Rumaisa aliketi uani, mbali na mbwa, dera amelikusanya magotini na Lulu mapajani. Jamali na mafundi wenzake wakasogea kutazama. Sesilia akatandaza kitambaa cheupe kilicholowa maji.

"Uchafu wa kiroboto ni damu aliyoinywa," alieleza. "Ukidondoka kwenye majimaji, unageuka mwekundu. Haya, tazameni."

Akamchana Bosi kwa chanuo la chawa, kutoka kisogoni hadi mkiani. Zikaanguka nywele tupu. Bi Rumaisa akainamisha shingo kuangalia vizuri, na Lulu akateleza mapajani, akatua katikati ya kitambaa, akainua mguu wa nyuma na kujikuna kwa nguvu zote. Punje nyeusi zikadondoka. Taratibu, mbele ya macho ya wote, zikawa nyekundu.

Bi Rumaisa alishika kinywa. Sesilia alimtazama, na neno lilimjia mpaka ncha ya ulimi, neno tamu ambalo lingechekwa Keko mwaka mzima. Akalimeza.

"Jamali!" alifoka. "Nimekuambia mara ngapi upige msasa mbali na uani? Ona vumbi lako la mninga lilivyomchafua Lulu!"

Jamali alifungua mdomo kujitetea, Sesilia akamkanyaga mguu.

Bi Rumaisa alimchukua paka wake. "Naam," alisema polepole. "Mninga. Mbwa abaki."

Wiki haikuisha, akabisha hodi kwa Sesilia na kikapu kilichofunikwa kanga.

"Mwanangu, ule mninga bado unamsumbua Lulu. Hebu mdondoshee dawa ya Bosi."

"Thubutu! Ya mbwa inaweza kumuua paka." Sesilia akafungua kopo la vifungo, akatoa kichupa chenye picha ya paka.

Bi Rumaisa alikigeuzageuza. "Hiki umekinunua lini?"

"Siku ileile niliyonunua cha Bosi."

"Yaani ulijua siku zote, ukanyamaza?"

"Ungenisikiliza, Bi Rumaisa?"

Mama wa watu aliketi kwenye kigoda, akalivuta dera lake mbali na pua ya Bosi, akamtoa Lulu kikapuni. Kisha akamkabidhi Sesilia chanuo.

"Anza shingoni," akasema, "wasije wakakimbilia masikioni."