Sabuni Niliyoibania Masisi

Chekeni tu, mimi nimechoka kuficha, maana hata leo nikipanda Masisi kuna wamama wakiniona tu njiani wanakimbia kuanua nguo zao.

Wakati ule, Wabelgiji wangali wanatutawala, mimi nilikuwa fundi wa kufua nguo pale Kashebere, kwetu msituni, kando ya barabara. Kazi nilijifunza kwa mzungu mmoja wa mashamba, na nilipoacha kwake nikanunua pasi yangu ya makaa, nikaanza na shati moja la katekista, akaja mwalimu, akaja karani, mpaka ua wangu ukajaa suruali za watu na mke wangu akasema inatosha. Mimi nikaona haitoshi (tamaa haina dawa), nikataka na wateja wa milimani, wenye ng'ombe, watu wa kupendeza siku ya Jumapili.

Basi Mama Veneranda wa Masisi akaniita nikafue nguo za arusi ya mtoto wake Gasparo: suti nyeupe ya bwana arusi, mashati ya ndugu zake, na kitambaa cha meza. Akaniambia, "Kaka Anselmi, watu wote wa huku watakuya ku arusi. Wakiona nguo inangaa, utafula mpaka mikono ichoke. Wakiona ni michafu, urudie tu kwenu." Njia nzima nikawa ninahesabu pasi nitakazonunua.

Nilibeba sabuni mbili, nikaanza kufua alfajiri ya siku ya arusi yenyewe. Ya kwanza ilipokwisha katikati ya mashati, nikaishika ya pili, nikaitazama, nikasema moyoni, hii niwawekee wateja wapya watakaokuja kesho. Nilikuwa na kifuko cha majivu ya majani ya mtoni, yale ambayo mama yangu huchuja kupata chumvi ya mboga, na majivu yale yanatakatisha nguo kweli kweli. Nikaloweka humo suti, mashati yaliyobaki, na suruali yangu ya Jumapili pia, ile moja niliyokuja nimeivaa. Kijito kilikuwa chini kabisa ya kilima, nikasuuza mara moja tu. Kisha nikatandaza kila kitu, suruali yangu pembeni peke yake, kwenye majani mafupi, safi, kama yamenyolewa (sikujiuliza ni nani anayeyanyoa), nikaenda kuwasha makaa ya pasi. Ninyi mnajua, sisi watu wa msitu tunajua mambo ya nguruwe na ya nyani, lakini ng'ombe tulikuwa tunakutana naye akiwa nyama.

Niliporudi, ng'ombe saba walikuwa juu ya arusi. Mmoja alikuwa amemeza mkono wa koti mpaka kwenye bega, anatafuna taratibu huku ananitazama, na suruali ya suti ilibaki mkanda na mfuko mmoja. Nilipiga kelele mpaka mchungaji wao, Papa Semajeri, akaja, akaokota kipande cha shati, akakilamba.

"Kaka, hii nguo ulifula na nini?"

"Na majivu ya chumvi, Papa."

"Unapanga chumvi mbele ya ngombe, kisha unamulaumu juu anakula?"

Mama Veneranda hakunitukana, afadhali angenitukana. Alikaa chini akashika kichwa, kengele ya kwanza ya misa inalia. Niliona haya mpaka nikatamani kulia. Nikamwambia, suruali yangu iko salama, ilianikwa pembeni, Gasparo avae hiyo. Ilimfika juu kidogo ya kifundo cha mguu, lakini niliipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Mimi nikafungwa kikwembe, kitenge cha Mama Veneranda, kiunoni, nikasimama nyuma kabisa kanisani. Misa ikapita vizuri, nikaanza hata kupumua.

Lakini suruali ile nayo ilikuwa imeoga majivu, na hakuna aliyekumbuka, hata mimi mwenyewe.

Walipotoka nje, mjomba wa bibi arusi alikuwa anawangoja na mtamba wa zawadi, ng'ombe jike ambaye hajazaa, kafungwa maua shingoni. Mtamba akanusa, akamwendea Gasparo, akamlamba goti. Watu wakapiga makofi, wakisema ni baraka. Akalamba paja, kisha akakamata suruali kwa meno na kuanza kuvuta, na bwana arusi wa watu anashikilia mkanda kwa mikono miwili huku anajaribu kutabasamu. Nikaona jina langu linakwisha pale pale, nikaruka mbele, nikashika kamba ya mtamba kwa nguvu zangu zote. Mikono miwili kwenye kamba, na kikwembe nani akishike? Kikaanguka. Mbele ya padri, wanakwaya na wateja wote wa kesho, nikabaki na kaputula ya ndani iliyotoboka nyuma.

Bibi arusi akatazama goti la mumewe, akanigeukia. "Kaka Anselmi, hata bwana yangu ulimutia chumvi?"

Hakuna mtu wa Masisi aliyeniletea hata leso. Papa Semajeri peke yake alituma mtu kuuliza kama yale majivu yangu yamebaki, ng'ombe zake wanayaulizia.

Nimeapa, nguo ya mtu sitaifua tena kwa ubahili. Ile sabuni niliyoibania nilirudi nayo Kashebere ikiwa nzima, na mke wangu akaitunza juu ya kabati mpaka leo, hataki itumike kufulia kitu. Nikianza tu kumweleza mpango wangu mpya wa kupanua kazi, anaishusha, anaiweka mbele yangu mezani, kisha anaendelea kumenya mihogo.