Cherehani iliyobarikiwa ya Nyalukemba

Mvua ya asubuhi hii ya Kwaresima imekatika sasa hivi tu, na vichochoro vya Nyalukemba, mtaa wa Bukavu, bado vinatiririsha maji mekundu kuteremka ziwani. Barazani kwake, Ghislaine Nabintu amevua viatu. Hukanyaga cherehani pekupeku, kwa kuwa anaamini mguu wenye kiatu hauisikii mashine. Cherehani nyeusi iliyobanduka rangi inakwenda kwa mwendo wake wa siku zote, na sauti yake inapenya pazia la chumba cha nyuma, ambako shangazi yake amejilaza akisikiliza.

"Hiyo ni popelini," inasema sauti ya huko ndani.

"Ndiyo, Shangazi."

"Ya nani?"

"Ya mutoto ya Maman Lucie."

"Umuachie nafasi ku kwapa. Batoto banakomaaka mbio."

Ghislaine anacheka peke yake, anafumua mshono na kuongeza nafasi kwapani.

Adélaïde M'Bisimwa, Shangazi kwa mtaa mzima, hajaona kitambaa kwa miaka kadhaa. Macho yalimwacha polepole, kwanza tundu la sindano, kisha sindano yenyewe, kisha sura za wateja. Masikio, hata hivyo, hayajastaafu. Popelini ina sauti yake, kikwembe kipya, yaani kitenge, ambacho hakijafuliwa kina yake, na jinzi anaitambua kabla Ghislaine hajamaliza mshono wa kwanza. Tangu alale chumba hicho hajakosea kitambaa hata kimoja, na ukimsifu anakwambia si kitu, ni mazoea tu.

Cherehani hiyo ni yake. Ndiyo iliyomlea Ghislaine, aliyeletwa nyumbani humo akiwa msichana mdogo baada ya kufiwa na wazazi. Alijifunza kuitia uzi kabla hajajua kuandika jina lake vizuri. Siku Shangazi alipokubali kwamba macho yamekwisha, hakuita kikao cha familia.

"Aliniita tu jina," anakumbuka Ghislaine, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili. "Akasema, kuja ukae hapa. Akatoka ku kiti. Ni ile tu, hakuna hotuba."

Anapapasa ubavu wa mashine anaposimulia.

"Hii mashini ilinilisha, ikanivalisha, ikanilipia masomo. Hata bwana yangu Bruno nilimupata juu yake. Alileta suruali nimupunguzie."

Suruali hiyo, anakiri, aliipunguza kupita kiasi, ikambidi Bruno arudi. Mtaani wapo wanaosema alifanya makusudi. Yeye hakubali wala hakatai.

Kwa mwezi wenye neema, ushonaji humwachia kama dola themanini baada ya kununua uzi, na mwezi wenye mazishi mengi na harusi chache humwachia nusu yake. Halalamiki. "Namushukuru Mungu, na nyuma ya Mungu namushukuru ule maman iko ndani pale," anasema, akielekeza kidevu kwenye pazia.

Shida ilianza Noeli. Cherehani ikaanza kuruka mishono. Kwenye kitambaa chepesi haikuonekana, lakini kwenye kizito ilikuwa ikiacha pengo hapa, pengo pale, mfano wa kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Ghislaine alibadilisha sindano, akabadilisha uzi, akatia mafuta, akalaumu umeme ingawa mashine haitumii umeme.

Aibu ilimfika kanisani. Papa Théodore, kiongozi wa kwaya, alikuwa amemwagiza kanzu za waimbaji wote kwa ajili ya Pasaka, za kitambaa kizito chenye kung'aa, na Ghislaine akashona moja ya mfano. Mwimbaji wa sauti ya kwanza akaivaa kwenye mazoezi. Alipofika mahali pa kunyanyua mikono juu, kwapa likapasuka kwa mlio uliosikika mpaka viti vya nyuma. Kwaya iliendelea kuimba. Mwimbaji naye aliendelea, ila kwa mkono mmoja.

"Nilitamani chini ifunguke nipite," anasema Ghislaine.

Papa Théodore ni mtu mpole, na upole wake ndio uliomuumiza zaidi. "Maman Ghislaine, hatukuachi," alimwambia nje ya kanisa. "Lakini Pasaka haitungojeake. Kama haiwezekane, utuambie mapema tupeleke commande fasi ingine."

Ghislaine alijua kazi ile ikienda kwingine, wateja wengine wangeifuata. Akamwita Donatien, fundi wa kutengeneza cherehani anayezunguka mitaa yote ya Ibanda na mfuko wa bisibisi begani. Donatien aliifungua, akaichungulia, akajikuna kichwa. Ndoano ya chini, ile inayokamata uzi, ilikuwa imelika, na ya aina hiyo haipatikani tena.

Alimpa njia mbili. Kwanza, atafute ndoano inayokaribia, atoboe matundu kwenye chuma cha mashine na kufunga moteri ndogo ya umeme ubavuni ili mwendo usiyumbe, kisha waombe Mungu. Pili, aondoe kichwa kizima, yaani ile sehemu ya juu inayoshona, akiuze kwa wanaotafuta vipuri, na anunue kichwa kipya kilicho na moteri yake.

"Donatien alitoa keekee ya kutoboa ku mufuko," anasema Ghislaine. "Miye nikamuambia, ukigusa, tutachukiana mpaka siku ya hukumu."

Mtu asiyejua atauliza kulikuwa na nini cha kukatalia. Ghislaine alikuwa na sababu ambayo hakumwambia Donatien, na hakumwambia hata mumewe: cherehani ile ilikuwa imebarikiwa.

Kisa hicho alilelewa nacho. Siku mama mzazi wa Shangazi alipomletea binti yake mashine, padri alikuja mpaka nyumbani na maji ya baraka, majirani wakaimba, na chakula kikaliwa. Na kwa Wakatoliki wa Bukavu, kitu kilichobarikiwa hakipelekwi sokoni. Hata rozari ikikatika isitengenezeke, haitupwi kwenye taka. Hufukiwa mahali pa heshima. Sasa yeye atoboe matundu kwenye kitu kama hicho? Amkabidhi muuza vipuri akikatekate?

Kwa miaka yote alikuwa ameitendea mashine hiyo adabu. Jumapili hakuigusa. Jioni aliifunika kwa kitambaa cheupe, kilekile alichokipiga pasi kila Jumamosi. Asubuhi aliigonga kichwani kwa kidole na kufanya ishara ya msalaba kabla ya kutia uzi. Bruno alizoea kumtania kwamba mashine inapata heshima kuliko baba mwenye nyumba.

Kwa hiyo akanyamaza. Alichukua vitambaa vyepesi tu, akavisogeza pembeni vile vizito, ili Shangazi asisikie mishono ikiruka akavunjika moyo. Kanzu za kwaya zikalala kwenye mfuko chini ya meza. Juma moja likapita, na la pili, Kwaresima ikazidi kwenda. Usingizi ukampaa.

Ilikuwa jioni, baada ya chakula, alipompelekea Shangazi chai, ndipo yule mzee alipomshika mkono na kutouachia.

"Juu ya nini unanificha?"

"Sikufichi kitu, Shangazi."

"Mashini inachechemea tangu Noeli. Unafikiri na masikio nayo ilipofuka?"

Ghislaine akaketi kitandani, na yote yakatoka kwa mkupuo: kwapa la mwimbaji, upole wa Papa Théodore, keekee ya Donatien. Kisha akafika kwenye lile lililomkaa kooni. Akasema hawezi kukiuza wala kukitoboa kichwa ambacho padri alikimwagia maji ya baraka, na kwamba ni afadhali aipoteze kwaya kuliko kumkosea Shangazi na Mungu kwa pamoja.

Mabega ya Shangazi yakaanza kutikisika. Ghislaine alidhani analia, akamkumbatia, na ndipo akagundua kuwa anacheka, na anacheka mpaka chai inamwagika kwenye shuka.

"Mutoto yangu," alisema alipopata pumzi, "ile kichwa haikubarikiwe hata siku moja!"

Ghislaine anasema alihisi kama mtu aliyepanda ngazi ambayo haipo.

Ikamtoka Shangazi hadithi ambayo hakuwahi kuisema kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza. Kichwa kilichobarikiwa kilikuwa kingine. Alikitumia miaka mingi, mpaka kazi zikawa nyingi kuliko nguvu zake. Ndipo akashuka Sange, mji wa bondeni, kwa fundi mmoja aliyekuwa anafunga duka, akanunua hiki ambacho Ghislaine alikuja kumkuta nacho. Akakifunga juu ya miguu ileile ya chuma, ile ya mama yake.

"Na kile cha kwanza?" Ghislaine aliuliza.

"Nilimupatia Delphine, wifi yangu wa Lwiro, wakati bwana yake alikufa na kumuachia batoto. Sikumuuzia. Nilimupatia tu. Mpaka leo anashonaka nayo kaputula za masomo."

"Na ile baraka ya Padiri?"

"Padiri ule alikuwa na mukono muzito," alisema Shangazi. "Alimwanga maji kama anazima moto. Maji ilinipata miye mingi kuliko mashini. Ingine ikashuka ku miguu. Ile kutu ku kanyagio, unaionaka? Ni yeye."

Ghislaine aliijua kutu hiyo. Ilikuwa doa la duara, mahali anapoweka kisigino cha kulia kila siku, na miaka yote aliisugua kwa mchanga ili aifute. Usiku huo alitoka barazani, akapiga magoti mbele ya miguu ya chuma, akaweka kiganja pale. Alilia, na anasema wazi kwamba hayakuwa machozi ya huzuni.

"Niliona kama Shangazi alinipatia ile mashini mara mbili," anaeleza. "Mara ya kwanza aliponiachia kiti. Mara ya pili aliponiachia ruhusa."

Ruhusa ilikuja na sharti moja tu. "Usiiuze," Shangazi alisema. "Miye sikuuza. Tafuta mutu."

Mtu hakuwa mbali. Aurore, jirani anayenyonyesha mtoto wake wa kwanza, alikuwa akija mchana kujifunza na kukaa kwenye mashine pale tu inapokuwa wazi. Anachoshona ni nguo za watoto wachanga, vitambaa vyepesi ambavyo ndoano iliyolika haivionei. Donatien akakifunga kichwa cha zamani kwenye ubao imara na kukiwekea mpini wa kuzungusha kwa mkono. Aurore alipoambiwa ni chake, aliwauliza mara kadhaa kama wanamtania, kisha akampa Bruno mtoto amshikie ili apate mikono yote miwili ya kushukuru.

Kichwa kipya kilinunuliwa kwa zamu ya Ghislaine katika likelemba, mchango wa mzunguko wa wanawake wa mtaa. Kina moteri ubavuni, na Donatien alikifunga kwa namna ambayo umeme ukikatika, na hukatika, mkanda unarudishwa kwenye gurudumu la chini na kazi inaendelea kwa mguu. Hakukuwa na haja ya kutoboa tundu hata moja. Kabla ya mshono wa kwanza, Ghislaine alimtoa Shangazi chumbani, akamkalisha kwenye kiti na kumwekea mkono juu ya chuma.

Shangazi alikipapasa chote, kutoka gurudumu mpaka sindano. Mguu wake ukatafuta kanyagio chini, ukalikuta.

"Inapiga makelele," alisema. "Lakini ni muzuri. Shona."

Kanzu za kwaya zilikamilika kabla ya Juma Kuu. Siku ya Pasaka waimbaji walinyanyua mikono yote, na makwapa yote yakashika. Ghislaine anakiri kwamba misa nzima hakuangalia altare, aliangalia makwapa. Papa Théodore alikuja kumpa mkono nje, na safari hii upole wake haukumuumiza.

Sasa ni asubuhi nyingine, baada ya sikukuu. Meza za barazani ni mbili. Aurore anazungusha mpini wake polepole, mtoto amelala mgongoni. Ghislaine yupo kwenye miguu ya chuma, bado pekupeku. Kitambaa cheupe cha kufunikia amekigawa vipande viwili.

Anataka Aurore apate miguu yake ya chuma, ya kukanyaga, kabla mwaka haujaisha. Na anataka kichwa hiki kipya nacho kije kupata mtu siku kitakapomchosha. Lakini lililo mbele ya yote, ambalo Bruno na Delphine wameshalipanga kwa simu kwa kunong'ona, ni safari ya Lwiro. Anataka Shangazi akae karibu na mashine yake ya kwanza, aisikie tena.

Shangazi hajaambiwa. Ni zawadi ya kushtukiza, na nguo yake ya safari ndiyo iko chini ya sindano wakati huu.

Kwa majuma kadhaa kichwa kipya kimekuwa kikimchanganya yule mzee. Popelini ameiita jinzi, jinzi ameiita pazia, na amekasirika kwelikweli. Leo moteri inanguruma, inasimama, inanguruma tena.

"Hiyo ni kikwembe," inasema sauti. "Mupya. Haijafuliwa."

Ghislaine na Aurore wanatazamana.

"Ndiyo, Shangazi."

"Ya nani?"

"Ya maman moja... anasafiri."

"Anaenda wapi?"

Ghislaine anauma mdomo. Hajawahi kuweza kumdanganya, na hataanza leo.

"Lwiro, Shangazi."

Mashine zote mbili zimenyamaza. Kitanda kinalia kidogo huko ndani, kama mtu anayejiinua akae vizuri.

"Basi usimubane ku kiuno," inasema sauti ya Shangazi. "Kwa Delphine banapikaka muzuri."