Hodi Katika Nyumba ya Mashetani

Wanjugu alifanya kazi za nyumbani kwa matajiri wa Lavington miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kuingia chumba cha mtu bila kubisha hodi. Alilea watoto wanne wa watu wengine. Wa mwisho alipokwenda ng'ambo kusoma, Wanjugu alirudi mtaani kwake Kabiria kupumzika, na mwezi wa pili wa mapumziko hayo kiharusi kikampiga upande wa kushoto.

Mguu ulirudi. Mkono ulikataa. Kila Jumanne binti yake, Jackie, alimpeleka mjini kwa mtaalamu wa viungo, na huko Wanjugu akaambiwa atembeze vidole ukutani kama buibui anayepanda. Buibui yule alichoka usawa wa kiuno. Wakati huo Jackie alikuwa amejifungua msichana wa pili, na kwa desturi yao ya Kikuyu, wa pili hupewa jina la nyanya wa upande wa mama. Mtoto akafikisha miezi minne, anaitwa Wanjugu, na nyanya mwenye jina bado hajambeba. Aliwekewa tu mapajani, mto huku, mto kule, Jackie ameinama tayari kudaka.

"Siku nitakayomwinua kwa mikono miwili," Wanjugu aliniambia mimi, jirani yake, "ndiyo nitajua nimepona."

Jackie ana chumba cha michezo ya video, mlango wa pili kutoka bucha. Mchezo unaopendwa zaidi ni ule wa nyumba ya mashetani. Huna cha kushika: kamera iliyo juu ya televisheni inausoma mwili wako mzima. Ukisukuma hewa, mlango unafunguka. Ukipiga hatua papo hapo ulipo, unakimbia. Huko Seoul, nilikowahi kuishi, nimewaona watu wakicheza michezo hii kimya kama wanaosali. Kabiria huchezwa kwa mayowe.

Jumamosi moja mchana Kihara, mwenye bucha, jitu la kilo mia linalopasua mbuzi bila kupepesa jicho, alikutana na shetani wa kwanza akatoka mbio na koti lake jeupe. Kamera ilipompoteza ikatafuta mwili mwingine, ikampata Wanjugu, aliyekuwa ameketi nyuma akitazama, kwenye kiti cha plastiki. Alipojikuna shingo, mkono ukainuka kwenye skrini.

"Shosho, imekushika wewe!" Kihara alimpazia nyanya huyo sauti kutoka mlangoni. "Simama ucheze!"

Akasimama. Mlango wa mbao ukamjia. Wanjugu akakunja ngumi ya kulia, akagonga hewa mara mbili.

"Hodi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. "Ngoja basi, shosho!" Kihara akadakia. "Shetani anavaa nguo, anakuja kukufungulia!"

"Cheka tu. Wewe uliyeingia bila hodi uko wapi? Si uko nje?"

Akaendelea hivyo, mlango kwa mlango, hodi kwa hodi, hadi ghorofani. Pale palikuwa na kitanda kidogo cha mtoto. Shuka ilitikisika, kikasikika kilio. Wachezaji wote walikijua kilio kile, na hakuna aliyewahi kukingoja kiishe.

"Kimbia, shosho! Hiyo si mtoto, ni shetani!"

"Hata shetani akilia hivi ana njaa."

Alikuwa ameshainama. Jackie, aliyefika mlangoni na mtoto mgongoni, akaona jambo ambalo wengine hawakuliona. Mkono wa kulia ulipita chini ya shuka isiyokuwepo. Wa kushoto ukaufuata, ukapita kiuno, ukapita tumbo, ukapanda hadi kifuani, kiganja kikatulia mahali ambapo kingekuwa kisogo cha mtoto.

"Tulia, mama, tulia. Nimekuja."

Shetani akafungua mdomo. Skrini ikajaa wekundu.

"Shosho, umekufa!" Kihara alisema. Kisha naye akauona ule mkono.

Jackie alikuwa akihangaika na fundo la leso aliyombebea mtoto. "Mum, keti kwanza. Keti nikuwekee mito."

"Sitaki mito," Wanjugu alisema, bila kuuondolea mkono macho. "Mlete kabla haujashuka."