Bonde Lisilopiganiwa

Kompyuta ya kwanza ya duka letu la steshenari pale Mlowo, mume wangu aliinunua Tunduma kwa Mzambia aliyekuwa anafunga ofisi yake ng'ambo. Alikuja nayo juu ya lori la mahindi, ameipakata skrini kama mtoto mchanga, na aliposhuka hakunisalimia mimi. Aliuliza meza iko wapi. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya mwenyewe wa zamani: barua za madai ya mizigo, picha za arusi ya watu tusiowajua, na gemu moja la vita.

Ilikuwa vita ya Wazungu ya zamani, ya ndege zenye mapangaboi puani. Walicheza watu wawili kwenye mashine moja, kwa zamu. Unapanga ndege zako, unabonyeza kwamba umemaliza, unainuka. Mwenzako anakaa, anaona ulichofanya, naye anapanga zake. Kila upande ulikuwa na uwanja wake wa ndege, na katikati kulikuwa na bonde lenye mto na daraja. Bonde lile lilipakwa rangi ya kijivu, maana yake linagombaniwa, halijawa la mtu. Ukilitaka, ilibidi ndege zako zikutane na za adui juu yake, zipigane, anga ibaki yako, ndipo askari wako wa chini wavuke daraja. Ndege zisipopigana, bonde linabaki kijivu mpaka Kiama.

Hayo ya gemu yaishie hapo kwa sasa, maana lazima nieleze habari ya baba mkwe.

Mimi ni mtoto wa mpakani. Mama yangu aliuza vitenge Tunduma, na kabla sijaota meno ya ukubwani nilishajua kugombana na mteja kwa Kinamwanga, kwa Kibemba na kwa Kiingereza cha kuombea maji. Halafu nikaolewa na Mndali. Ukoo wao ulitoka Ileje ukahamia Igamba kulima kahawa, na walipohama walibeba kila kitu, pamoja na miiko ya ukwe. Siku ya kwanza nilikalishwa nikaambiwa: baba mkwe humtazami usoni, husemi naye, hukai naye chumba kimoja. Ukikutana naye njiani unaingia kwenye mibuni, unageuza mgongo mpaka apite. Nikauliza, nikikanyagwa na ng'ombe humo mibunini? Wakanijibu kwamba ng'ombe hana neno, ni mzee tu.

Naye mzee alikuwa amebanwa vilevile. Kila alipokwenda alikohoa mbele, ili nikimbie kwa wakati. Hakuwa na kifua hata kidogo; kilikuwa kikohozi cha heshima, kikavu, kinapanda mwishoni. Miaka yote hiyo nilimjua kwa kikohozi na kwa visigino, kwa sababu visigino ndivyo nilivyoviona nikigeuka baada ya yeye kupita.

Mama mkwe alipokuwa hai hatukupata tabu. Alibeba chakula, alibeba salamu, na akiona maneno yangu ni makali aliyapoza njiani. Kisha akafariki. Mume wangu akamtoa baba yake Igamba, asibaki peke yake na mibuni, akamleta kwetu Mlowo. Yeye mwenyewe akarudi Tunduma kwenye kazi yake ya kuvusha magari ya mizigo, kazi iliyomrudisha nyumbani Jumamosi mpaka Jumatatu alfajiri. Tukabaki mimi na mzee, na katikati yetu hamna mtu.

Chakula nilimwachia jirani yangu, mke wa mwenye mashine ya kusaga, ampelekee. Alipeleka kwa moyo mpaka moyo ukamchosha. Ndipo shangazi, dada yake mzee, akapanda kutoka Ileje kuja kukagua. Shangazi yule ni mwanamke mwenye upendo mwingi, na upendo wake wote huutoa kwa njia ya amri.

"Mkamwana na baba mkwe paa moja, na aliyekuwa katikati tumemzika?" alisema. "Hapana. Msimu huu wa kahawa ukiisha, nakuja kumchukua. Atakaa kwangu."

Mume wangu akamwambia kwamba mzee hataki kwenda. Shangazi akajibu kwamba njia ipo, nayo kila mtu anaijua: mzee mwenyewe afungue mwiko. Baba mkwe akiamua, anamtazama mkamwana, anasema naye, anampa kuku, kuku anapikwa, basi, unakuwa binti. "Akifungua mwenyewe mimi sina neno," alisema. Lakini lazima aanze yeye. Mkamwana akianza ni utovu wa adabu usiofutika.

Nami nilitaka abaki. Nilitaka sana. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo sana hata sikumbuki sauti yake, na kile kikohozi uani kilikuwa kimeshakuwa kitu changu. Nikienda sokoni nikirudi nakuta rafu ya duka iliyolegea imekazwa misumari. Nikilalamika kwa mteja kwamba mlango unakwaruza sakafu, kesho yake mlango haukwaruzi. Binadamu anakusikiliza hivyo halafu umwache apakiwe kwenye gari kwa sababu hamna wa kubeba sahani?

Mume wangu aliongea naye. Mzee akakohoa. Baadaye akamwambia kwamba mambo yale alikuwa anayajua marehemu, yeye hajui hata yanaanzia wapi.

Basi, kwa kumwondolea upweke, mume wangu akamfundisha lile gemu. Mzee hakusoma Kiingereza, lakini alishika upesi: kitufe hiki kinarusha, hiki kinarudisha, hiki kinamaliza zamu. Walicheza Jumapili nzima. Jumatatu mume wangu akaondoka, na nilipokaa kuchapa barua ya mteja nikakuta vita imeachwa wazi, na ni zamu ya upande wa mume wangu, upande mwekundu. Sipendi kazi kubaki nusu. Nikasogeza ndege, nikamaliza zamu, nikatoka kwenda kununua mkaa. Niliporudi, upande wa bluu ulikuwa umecheza.

Rasmi, mzee alikuwa anacheza na mwanawe, na mimi nilikuwa nachapa barua. Duka lilikuwa na mlango wa barabarani na mlango wa uani. Akikohoa uani, natokea barabarani; nikigongesha ndoo barazani, yeye anarudi uani. Hata shangazi angekuja na tochi asingepata kosa. Waliopata tabu ni wateja. Kuna mwalimu aliyekuja na mitihani ya kuchapwa, nikamwambia asubiri kidogo. Akauliza anasubiri nini na mimi nimesimama nje bila kazi. Nikamwambia, "Baba anarusha ndege."

Alikuwa na namna yake ya kupigana. Zamu yake ya mwisho ya jioni alirudisha ndege zote uwanjani, hata zile zenye mafuta ya kutosha, kama mtu anayeingiza ng'ombe zizini. Akirusha, anarusha zote kwa pamoja, asije mmoja akaona amebaguliwa. Mimi nilicheka peke yangu pale kwenye kiti mpaka wateja wakanionea huruma. Nilijiona jemadari. Nilikuwa najisifu kwa mume wangu kwenye simu kwamba baba yake kila akiniona anakimbia.

Jumamosi moja mume wangu akarudi, akaketi mbele ya skrini, akaikagua vita yetu.

"Hii ni vita au ni kikao cha wakwe?" akauliza.

"Kwa nini?"

"Hakuna ndege hata moja iliyokwaruzwa. Tangu nimeondoka. Hebu ona bonde."

Nikaona bonde. Lilikuwa kijivu vilevile, kijivu cha siku ya kwanza. Nikaanza kukumbuka zamu zangu. Ndege zake zikiingia bondeni, mimi nilikuwa naondoa zangu, naziweka pembeni, juu ya vilima. Zangu zikiingia, yeye anaondoa zake. Nilidhani ni mbinu za kivita. Kumbe ni miguu yangu ileile ya Igamba: mzee anapita, ingia kwenye mibuni, geuza mgongo. Jemadari mzima napisha njia hewani.

Mume wangu alicheka mpaka akalowa machozi. "Basi mtungue," akasema.

"Mtungue wewe, ni baba yako."

Sikusema kwa utani. Ningeshambulia mimi kwanza, ningekuwa nimesimama katikati ya njia, mikono kiunoni, namkodolea macho mzee. Kwenye skrini au kwenye mibuni, nilijua ni kitu kilekile, na nilijua naye anajua.

Nilichofanya ni kuacha ndege yangu moja bondeni, peke yake, bila kuiondoa. Niliona hiyo si kuanza. Ni kuchelewa tu kupisha. Mzee akaizunguka. Kila zamu ndege zake zilipita mbali, upande huu na upande ule, kwa adabu ya kuudhi. Mume wangu akamuuliza, baba, mbona bondeni hupigani, na pale kuna ndege moja tu?

Mzee akajibu, "Kuna mtu pale."

Mume wangu aliponiletea jibu hilo jikoni, nililia. Nikamwambia ni moshi wa kuni, naye akaniangalia, maana nilikuwa napikia mkaa.

Kahawa ilivunwa, ikaanikwa, ikauzwa. Shangazi akaja kama alivyosema, akamfungia mzee nguo kwenye begi, akatafuta gari la kuwapeleka Ileje kesho yake asubuhi. Jioni ile mapema alikaa uani kwenye kigoda akinielekeza namna ya kufunga vyombo ambavyo sikutaka vifungwe. Mume wangu alikuwa bado Tunduma. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na shangazi, na mume wangu, na mwiko, na mzee mwenyewe kwa kukubali kuondoka kama mzigo uliolipiwa. Nikaingia dukani kujifanya nina kazi. Ilikuwa zamu yangu. Sikuwa na moyo wa kupanga kitu, nikaingiza ndege zangu zote bondeni na kumaliza zamu. Atazizunguka, nikajisemea, na gemu lenyewe linaishia hapa.

Akakohoa uani. Nikatoka barazani.

Nilisimama pale naangalia malori yanavyopanda kuelekea Tunduma. Nikasikia mausi ya kompyuta ikibonyezwa ndani. Ikatulia. Ikabonyezwa tena. Halafu dukani ukatoka mlio ambao sikuwahi kuusikia tangu kompyuta ile iingie kwetu: mngurumo, risasi, kitu kinapasuka. Nikajua mashine imeungua. Nikakimbilia ndani bila kukumbuka mwiko wala kikohozi.

Haikuwa imeungua. Juu ya bonde ndege zangu zilikuwa zinadondoka na moshi, moja baada ya nyingine, na za bluu zimejaa anga nzima. Mzee alikuwa bado amekaa kwenye kiti, mgongo kwangu. Hakuinuka. Nami ulimi wangu wa Tunduma, uliofungwa miaka yote hiyo, ukafunguka wenyewe.

"Baba! Umenitungulia ndege!"

Shangazi alikuwa ameshafika mlango wa uani, mikono kichwani. Niliona nimeharibu kila kitu. Nikaanza kurudi nyuma, nageuza mgongo, na kwa kuwa dukani hamna mibuni nikajigonga kwenye mashine ya fotokopi.

Mzee akageuka na kiti chake. Alinitazama usoni. Alikuwa na macho ya mume wangu, yaleyale, ila yamechoka zaidi, na kwenye kidevu alikuwa na kovu ambalo sikuwahi kujua kwamba analo.

"Nimechoka kukupisha," akasema.

Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko kikohozi chake.

"Na kuku?" shangazi akauliza, kwa sababu hata dunia ikipinduka yeye atauliza utaratibu. "Huwezi kufungua hivihivi. Kuku yuko wapi?"

"Yuko chini ya kitanda changu tangu asubuhi," mzee akasema. "Ningeanzaje bila kuku?"

Shangazi akaenda kuhakikisha. Tulimsikia kuku akilalamika, na shangazi akimjibu, kisha kamba za begi zikifunguliwa na nguo zikirudishwa moja moja kwenye msumari.

Mzee akainuka taratibu. Akapangusa kiti kwa kiganja, akavuta kigoda cha wateja akakaa pembeni yake. Hakutoka nje.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Ni zamu yako."