Mutunga Kiilu Wawili

Mwaka wa 1998 Kalunde, karani wa zahanati ya kanisa nje kidogo ya Makindu, alikuwa amelewa kompyuta. Kitabu chake cha kujifunzia programu alikibeba hadi ibadani, akakichungulia mhubiri akiwa amefumba macho. Sura iliyomnasa ilikuwa ya kuhifadhi: unamtengeneza mgonjwa ndani ya programu, na umri wake, kijiji chake na vipimo vyake, kisha unamwandika mzima mzima kwenye faili. Ukilifungua kesho, anatoka vile alivyoingia.

Basi akawaandika wagonjwa wote, kila mtu na faili lake, na kila faili likaitwa jina la mwenyewe. Kitabu kilielekeza hivyo, na waliokiandika hawakuwa na habari za Ukambani. Huku kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake. Mutunga wa Kiilu humzaa Kiilu wa Mutunga, naye humzaa Mutunga wa Kiilu. Kalunde alilijua hilo tangu utotoni, ila mbele ya mashine lilimtoka kabisa.

Mwezi wa nane madaktari wa macho walikuja kwa siku moja. Mzee Mutunga Kiilu, mkulima, alifika mapema akakaa kwenye benchi. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na mjukuu aliyebeba jina lake alimjua kwa kumpapasa tu. Alitaka kumwona sura. Hakuwa na haja nyingine.

Kalunde alifungua faili la Mutunga Kiilu. Akatoka mtoto wa miaka miwili, aliyeletwa kuchanjwa surua. Faili la mjukuu lilikuwa limeandikwa juu ya la babu, na vipimo vya mzee vya mwezi uliopita havikuwepo tena. Daktari alisema bila vipimo hawezi kugusa jicho, na foleni ilikuwa imejaa.

Kalunde akaenda kwenye benchi huku akilia.

"Mzee, nimekukosea. Nimeandika mjukuu wako juu yako. Vipimo yako imepotea."

"Na nani amebaki huko ndani?" mzee akauliza.

"Yule mdogo."

"Basi si mimi niko? Wacha kulia, mwiitu, binti yangu."

Akashika fimbo yake akaondoka. Kalunde aliona aibu mpaka akatamani angetukanwa.

Alianza upya. Safari hii kila mgonjwa alipewa namba yake, wote wakaingia kwenye orodha moja, na orodha ikahifadhiwa nzima kwa mara moja badala ya mtu mmoja mmoja. Aliwatia Mutunga wawili kwanza, akazima kompyuta, akaiwasha, akaifungua orodha. Walitoka wote wawili, kila mmoja na umri wake. Halafu akazunguka vijijini kuwatafuta wazee wote waliofutwa na wajukuu wao, akiomba msamaha mlango kwa mlango.

Madaktari waliporudi mwaka uliofuata, mzee aliitwa, akapasuliwa. Siku ya kufunguliwa bandeji, mwanawe Kiilu alimleta mtoto akamweka magotini pake. Mzee alimtazama kwa muda mrefu, mtoto akaanza kununa.

"Na hamkuniambia," mzee akasema, "kwamba ana uso wa mama yangu."